Seli ipi, ndugu yangu?

Miezi michache iliyopita jamaa yangu wa Nakuru alinipigia simu asubuhi, sauti imemkauka. "Nimelala seli, bwana." Alisimamishwa barabarani usiku, maneno yakazidi, akaishia kituoni mpaka kukapambazuka. Nilimpa pole, lakini nakiri kuwa kwa sekunde mbili hivi akili yangu ilikimbilia kwenye kitabu cha Sayansi cha shule ya msingi: duara limechorwa kwa penseli, kiini katikati, mishale pembeni. Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Kwetu mtu hulala selo, au mahabusu, au rumande. Seli ni za mwilini.

Sote wawili tumechota kisima kimoja, neno la Kiingereza "cell", kila mmoja na ndoo yake. Na kisima chenyewe kina mambo. Kwa Kilatini "cella" ilikuwa chumba kidogo, hata ghala. Watawa wakaishi humo, wafungwa nao wakafungiwa humo. Mwaka 1665 Robert Hooke, Mwingereza, akatia kipande chembamba cha gamba la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa, chini ya hadubini yake. Akaona vitundu vitupu vimepangana, akavifananisha na sega la nyuki, akaviita kwa jina hilohilo la vyumba.

Hapo ndipo ninapocheka kidogo. Alichokiona Hooke kilikuwa kuta tu. Seli zenyewe zilishakufa zamani, wenye nyumba wamehama, yeye akahesabu vyumba. Jina lilifaa kabisa kwa alichokiona siku ile, halafu likabandikwa kwenye kitu kilichojaa uhai na pilikapilika. Kwa hiyo wazee wetu waliosema "chembe hai" hawakuwa washamba. Ukitazama tone la damu huoni vyumba, unaona chembe. Shida ya "chembe" ni nyingine: imetumwa kazi nyingi mno. Chembe ya mchanga, chembe ya atomu, chembe sahani, hana hata chembe ya aibu. Darasani mwalimu akisema chembe, mtoto ana haki ya kuuliza chembe ya nini. Kwenye biolojia, basi, nimeikubali seli bila kinyongo.

Nisichokikubali ni ile tabia ya kuiburuta "seli" popote Mwingereza alipoandika "cell". Ninaishi kwa kutafsiri: vipeperushi, miongozo ya vifaa, mara mojamoja ripoti. Karibu kila mteja anataka neno moja kwa neno moja, eti ndiyo usanifu. Ukimwambia kwamba hapa litakuwa neno hili na pale lile, anakutazama kana kwamba Kiswahili kimeishiwa.

Chukua simu. Wamarekani huita "cell phone", na wengi wao ukiwauliza kwa nini, watabaki wanakodoa macho. Jina linatokana na ramani. Mwaka 1947 wahandisi wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya Marekani, walipendekeza eneo ligawanywe vipande vyenye pembe sita, kila kipande na mtambo wake, na masafa yanayotumika kipande hiki yatumike tena kipande cha mbali bila kugombana. Ndiyo maana ukiwa kwenye basi kutoka Dar kwenda Morogoro unaongea Kibaha, unaongea Chalinze, huku mnara mmoja ukikukabidhi kwa mwingine kimyakimya. Ni ufundi mzuri sana, lakini wa mhandisi. Aliyeshika simu haoni pembe sita, anaona mkono wake. Tukaiita simu ya mkononi, Wakenya wakaongeza rununu, na hakuna aliyewahi kupotea njia kwa kukosa "simu ya seli".

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa siasa. Katikati ya miaka ya 1960, TANU ilipogawa watu kwa nyumba kumikumi, Kiingereza cha serikali na cha watafiti kiliandika "ten-cell leader". Sisi tukamwita balozi wa nyumba kumi. Balozi! Cheo cha mtu anayewakilisha taifa zima huko ng'ambo, kakabidhiwa mzee wa uchochoroni anayesuluhisha ugomvi wa ndoo bombani. Na kile kikundi chenyewe chama kinakiita shina, juu yake tawi. Mwingereza aliona chumba, sisi tukaona mti. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992 balozi amebaki kuwa mtu wa CCM, lakini lugha yake haijazeeka. Sasa fikiria mtafsiri mvivu akutane na ripoti ya Kiingereza ya zama zile, aandike "kiongozi wa seli". Msomaji wa Nakuru atajua ni nyapara wa gerezani.

Mahali ambapo jambo hili si mchezo wa maneno ni hospitali. Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago alichapisha habari za mgonjwa ambaye seli zake nyekundu za damu zilikuwa na umbo la mundu. Kwa Kiingereza ugonjwa ukapata jina kutokana na mundu huo, "sickle cell", na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa idadi ya watoto wanaozaliwa nao. Mitaani tunasema "siko seli". Mama anatoka kliniki na karatasi imeandikwa siko seli, na hayo maneno mawili hayamwambii lolote. "Selimundu" angalau inampa nusu ya picha: mundu anaujua, amevunia mpunga. Ukimwambia kwamba damu ya mwanawe ina seli zinazojikunja kama mundu hewa ya oksijeni ikipungua, zikakwama kwenye mishipa myembamba, ndiyo maana mtoto analia mifupa inamuuma, ataelewa bila hadubini. Laiti vituo vyote vya afya vingeiacha hiyo siko.

Sisemi kwamba Kiswahili hakina tabia hiyohiyo. Mbuzi wetu analiwa na pia anakuna nazi. Mahabusu ni mtu na ni mahali. Kuna wanaotia "mawe" kwenye tochi, na tochi inawaka. Lugha zote hukopesha jina la kitu hiki kwa kile. Lakini mkopo huo kila lugha huutoa kwa macho yake, na sioni kwa nini sisi tudaiwe mikopo aliyokopeshana Mwingereza na Mwingereza mwenzake.

Mwezi uliopita nilipewa mwongozo wa paneli ndogo ya sola. Ukurasa wa tatu unaeleza kwamba paneli ina "cells" 36 zilizoungwa mfululizo, kila moja ikitoa takriban nusu volti, na kwamba kivuli kikiangukia moja tu, umeme wa paneli nzima unaweza kushuka. Maelezo muhimu hayo, maana watu wengi huanika nguo jirani na paneli. Nikamwendea fundi mmoja Kariakoo, nikamwonyesha vile viraba vya rangi ya buluu iliyoiva, nikamuuliza, "Hivi mnaviitaje, fundi?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la kidole chake. "Hivyo? Si vipande tu, kaka."

Nikaandika vipande 36. Mteja alirudisha kazi baada ya siku mbili, amekata "vipande" kwa wino mwekundu kila kilipotokea na juu yake ameandika "seli". Nimemjibu kwa barua pepe ndefu. Bado nasubiri.