Sokwe wa Soksi Hana Mkia

Ukiuliza namna ya kushona mdoli wa soksi, karibu kila maelekezo yatakufikisha kwa yule kima wa Wamarekani, mwenye mdomo mwekundu na mkia mrefu. Alizaliwa kutokana na soksi za kazi za kiwanda cha Nelson kule Rockford, Illinois, ambazo tangu 1932 zilifumwa kisigino chekundu ili zitofautishwe na za kuigiza. Akina mama wa huko wakakifanya kisigino kimoja mdomo, cha pili makalio. Ubunifu mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni sisi wa Kigoma kuunakili mpaka mkia.

Sisi ni majirani wa Gombe, hifadhi ya sokwe, boti zinaondokea hapo Kibirizi. Mtoto wa Mwanga au Ujiji analala na dubu, mnyama ambaye hata babu yake hajawahi kumwona, na sokwe aliye jirani yake hamjui. Kama soksi zipo, mshonee sokwe. Miongoni mwa wenye mkia huko Gombe ni mbega mwekundu, ambaye sokwe wenyewe humwinda na kumla. Ukimpa sokwe mkia umemgeuza kitoweo.

Kwa hiyo ukataji unabadilika. Soksi ya kwanza, sehemu ya vidole inakuwa kichwa, kisigino makalio, na sehemu ya juu unaipasua katikati ipate miguu miwili. Soksi ya pili ni ya mikono, masikio na mdomo. Kitambaa ambacho Mmarekani angekitumia kwa mkia, wewe kiongeze kwenye mikono, maana mikono ya sokwe ni mirefu kuliko miguu yake. Masikio yawe makubwa na yachomoze. Sokwe mdogo uso wake ni mweupeweupe, unakuja kuwa mweusi akikua, kwa hiyo soksi nyeupe ya shule iliyogoma kutakata kwa vumbi letu jekundu inafaa kabisa. Tena ana kishungi cha nywele nyeupe matakoni, ambacho hupotea na umri. Shona nyuzi chache nyeupe pale ambapo mkia ungekaa. Kwangu mimi hicho kishungi ndicho kinachomtofautisha sokwe wa kweli na soksi iliyojazwa tu.

Kujaza, mabaki ya kitambaa kwa fundi cherehani yanapatikana bure lakini yanafanya mabonge na mdoli anakuwa mzito. Sufi ni laini zaidi, ila toa mbegu zote. Bora kuliko vyote ni matumbo ya dubu wa mtumba aliyechanika. Macho msiweke vifungo kama mtoto bado anatia kila kitu mdomoni. Kifungo kikichomoka kinaweza kumkaba. Dariza macho kwa uzi.

Wapo watakaosema sokwe atamtisha mtoto. Hofu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1935 baba yake Jane Goodall alimpa bintiye mdoli wa sokwe, na marafiki wa mama yake wakaonya kwamba mtoto ataota ndoto mbaya. Alimpenda mno, akamtunza hadi uzeeni, na Julai 1960 akatua Gombe kuwachunguza sokwe wenyewe. Sisemi mdoli ndiye aliyemleta. Nasema hakumtisha.

Na kabla hujauliza: siuzi. Siku hizi huwezi kusuka hata ukili bila mtu kukwambia hiyo ni fursa, jisajili, tafuta mkopo. Kushona kwa mkono kunakula jioni nzima nzima, na ukipiga hesabu ya muda huo, bei itamkimbiza mzazi yeyote anayeweza kuokota dubu kwenye lundo la mitumba. Mwenye cherehani na moyo wa biashara ajaribu. Ila akiweka mkia, aandike kwamba ni mbega.