Nambari 37 na Majike Wake

Mwaka 2013 Kenya ilishikwa na homa ya kware. Jirani yangu Kisauni aliuza pikipiki, pikipiki nzima yenye bima, akanunua ndege wa ukubwa wa ngumi, kwa sababu mayai yao ya madoadoa yalisemekana kutibu kila kitu. Nami sikutaka kuachwa na gari. Nikaingia na kware arobaini, vizimba nyuma ya nyumba, mke wangu akanitazama tu. Kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ambacho kila mfuga kware alitakiwa awe nacho, nilikuwa "nakishughulikia".

Ufugaji wenyewe niliusomea kazini. Nilikuwa karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, na nyumbani intaneti ilikuwa ya kununua bando kwa kuhesabu sarafu. Ofisini nilifungua lile dirisha la siri la kivinjari, lenye picha ya bwana wa kofia na miwani, nikajiona mjanja wa Mombasa nzima. Ukilifunga, historia inafutika. Nani atajua?

Kijana wa IT alijua.

Wiki hiyo mtandao ulikuwa unakwenda kwa magoti. Hati za forodha hazipandi, kontena zinalala bandarini zikila ada, na Mzee, mwenye kampuni, anapita mezani kwetu huku akipumua kwa pua. Akamwagiza kijana atafute mla mtandao. Jumatatu asubuhi karatasi ikabandikwa ubaoni, kando ya kalenda ya likizo. Haikuwa na majina. "Faragha ya mtu ni kitu kizito," kijana alisema kwa unyenyekevu, "nimeweka nambari za kompyuta peke yake."

Wa kwanza, kwa mbali: 192.168.1.37. Gigabaiti tatu na ushei kwa wiki moja. Chini yake kurasa alizozitembelea zaidi. Tovuti yenyewe jina lake lilikuwa herufi tatu zisizosema kitu, lakini kurasa zake zilikuwa na anwani ndefu za maneno, za Kiingereza. Dada wa mapokezi akajitolea kutafsiri kwa sauti, maana wengine walikuwa wamesahau miwani:

dume-mmoja-majike-wangapi
kwa-nini-majike-wanamkimbia-dume
dume-mkali-atengwe-siku-ngapi
taa-iwake-saa-14-kuongeza-hamu

Ofisi ikanyamaza kama msikiti baada ya adhana. Halafu Mama Chai akaweka birika chini, polepole, akasema, "Masikini. Mke wa mtu huyo analala saa ngapi?"

Sasa hapa ndipo aibu yangu inapoanzia, kwa sababu sikujitambua. Wallahi sikujitambua. Mimi nilikuwa nasoma habari za kware, ndege, mayai. Haya ya karatasini yalikuwa ya mtu mwenye matatizo. Tena mimi ndiye niliyeongea zaidi ya wote. Nikiwa na hamri mkononi nilisimama nikasema mtu kama huyu hafai kukaa ofisi moja na akina dada, na kwamba angekuwa na haya angejitokeza. Nilipigiwa makofi. Shekhe, karani wetu mkubwa ambaye ndiye mshauri wa ndoa za ofisi nzima bila kuombwa, alinishika bega: "Umenena, mwanangu."

Saa nane kijana wa IT akaja mezani kwangu na kiti chake.

"Kaka, nisamehe, nakagua nambari." Akafungua dirisha jeusi, akaandika ipconfig, na mistari ikashuka. Nikaona 37. Nikaiona tena. Hamri ya asubuhi ikapanda hadi kooni.

"Lakini mimi natumia dirisha la siri," nikanong'ona, na huko ndiko kukiri kwenyewe.

Kijana akanihurumia kweli. Akanieleza kwa lugha ya bandari. Dirisha la siri linafuta alama kwenye kompyuta yako tu. Ukurasa wowote unaouomba unapita kwenye proksi, na proksi ni kama karani wa getini: anaandika lori nambari fulani, limetoka saa fulani, limeelekea wapi, limerudi na uzito gani. Akanifungulia logi yenyewe, yaani daftari la huyo karani. Mstari mmoja ulianza na 1378801234. "Hizi ni sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970," akasema, akapiga hesabu. Jumanne, 10 Septemba, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Kisha 192.168.1.37, kisha baiti, kisha GET, kisha yule dume na majike wake.

"Shukuru Mungu," akaongeza, "programu hii ya proksi, Squid, ukiiacha ilivyo, haiandiki yaliyo nyuma ya alama ya kuuliza katika anwani. Uliyotafuta Google sijayaona."

Nilishukuru. Niliyotafuta Google yalikuwa mabaya zaidi.

Ningesema tu ni kware, yangeisha. Lakini Mzee angeuliza kwa nini kontena zake zinalala bandarini mimi nikifuga ndege kwa mtandao wake, na mtu mwingine angeuliza kibali kiko wapi. Nikapima: kuonekana mume aliyeshindwa, au kufukuzwa kazi. Nikamwambia kijana, "Acha tu wajue ni mimi. Usieleze zaidi."

Kufikia Jumatano nilikuwa mgonjwa wa ofisi. Shekhe aliniletea asali na habasoda ndani ya chupa ya Fanta. Mama Chai alinizidishia tangawizi, akikonyeza. Dada wa mapokezi alinisalimia kutoka mbali. Na Ijumaa Mzee, mtu asiyetoa ruhusa hata ya mazishi bila kuona maiti, alinivuta pembeni bila kunitazama usoni: "Nenda nyumbani mapema, bwana. Kaa na familia."

Nilikwenda. Nikaosha vizimba.

Mke wangu alinikuta nimeshika brashi. Alikuwa na simu mkononi. Mke wa Shekhe alikuwa amempigia kumpa pole na kumsihi avumilie.

"Wanaokukimbia," aliniuliza, akitazama vizimbani, "ni hawa hawa au kuna wengine?"

Nikamsimulia yote. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la chakula cha kware. Halafu akampigia Shekhe mwenyewe, akaweka spika, akaisogeza simu kwenye wavu. Dume mmoja akalia ile sauti yao ya mluzi uliokwama. Upande wa pili kimya. Kimya kirefu.

"Ewe," Shekhe akasema mwishowe, kwa sauti ya chini kama mtu anayechelea kusikiwa na mkewe, "trei moja wauzaje?"