Mate ya Antonio, Kisu cha Shylock

Kwenye baraza letu la Mji wa Kale, mazungumzo ya magharibi huanza na kahawa chungu yakaishia kwenye deni la mtu. Wiki iliyopita yaliishia kwenye deni la mchezoni. Kijana mmoja alikuwa amemaliza kusoma Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1969, akatuuliza: kati ya Shylock, Myahudi mkopeshaji, na Antonio, mfanyabiashara Mkristo aliyekopa kwake, nani mbaya zaidi? Wazee karibu wote wakajibu kwa pamoja: Shylock, mla riba. Nilirudi nyumbani nikaufungua mchezo upya, na naona jibu lile lilitoka haraka mno.

Hoja ya wazee ina uzito. Antonio hukopesha bila faida, jambo ambalo sisi huku tunaliita karadha na tunamheshimu anayelifanya. Shylock mwenyewe anakiri kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya kumchukia, maana anamharibia soko. Tena Antonio anajiweka rehani kwa ajili ya rafiki yake Bassanio, ambaye hata madeni ya zamani hajamlipa. Huo ni uungwana, siupunguzi.

Lakini tazameni mkopo wenyewe. Dukati 3,000, miezi 3, na riba hakuna hata senti. Shylock ameiacha, akaandika badala yake ratili moja ya nyama ya mwili wa Antonio, na kusema ni mzaha tu. Basi anayemhukumu kwa riba katika hati hii anamwonea. Dhambi yake hapa ni nyingine, na ni kubwa kuliko riba: anataka kuua mtu kwa mkono wa sheria. Merikebu za Antonio zinadhaniwa zimezama, deni halilipwi kwa wakati, na mahakamani Shylock ananoa kisu kwenye soli ya kiatu chake. Mizani ameshakuja nayo. Akiombwa aweke tabibu karibu, Antonio asije akatokwa na damu mpaka afe, anauliza: limeandikwa kwenye hati? Bassanio anampa dukati 6,000, mara mbili ya deni, anazikataa. Hapo sina neno la kumtetea.

Na Antonio je? Alimtemea Shylock mate, akamwita mbwa, akampiga teke. Shylock anapomkumbusha, Antonio hasemi samahani. Anasema huenda akamtemea tena. Na anayasema hayo siku ileile aliyokuja kukopa! Barazani kwetu mtu akija kuomba karadha huku akimtukana mwenye fedha, angeondoka na aibu yake. Halafu hukumu inapogeuka, maana hati ilitoa nyama lakini si tone la damu, sharti moja la Antonio ni kwamba Shylock aache dini yake. Wapo wanaoliita sharti hilo rehema kwa kuwa alimwachia uhai. Mimi siwezi. Mwanamume amesimama mbele ya kadamnasi akivuliwa imani ya baba zake, na aliyemtemea mate ndiye anayeamua.

Kuna pahali pengine pananikaa moyoni. Shylock anawaambia wakuu wa Venisi: mnao watumwa mliowanunua, mnawatumikisha kama punda, nikiwaambia muwaache huru, mtanijibu kuwa ni mali yenu. Na nyama hii nami nimeinunua. Mtawala anahamia jambo jingine, hamjibu. Mimi nayasoma hayo Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali kukiwa na Frere Town, walikowekwa watumwa waliokombolewa miaka ya 1870, na kengele ya Kengeleni ingalipo. Shylock hatetei watumwa wale, anautumia udhalimu wa wengine kufunika wake. Hata hivyo ni yeye peke yake anayewataja.

Kwa Kiingereza jina la mchezo linataja mfanyabiashara mmoja. Nyerere aliweka wingi, miaka 2 baada ya Azimio la Arusha, na mimi nausoma wingi huo kama hukumu juu ya wote wawili. Kwa kisu, Shylock ni mbaya zaidi. Ila kisu chake kilionekana, kikazuiwa, kikaadhibiwa kwa kunyang'anywa mali na dini. Mate ya Antonio hayakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Katika kurasa za mwisho anapewa barua: merikebu zake 3 zimefika bandarini salama, na shehena tele.