Timu za majimbo ya Ireland hazikuzaliwa na Ligi ya Celtic

Mhariri, hapo mlipoandika kwamba timu nne za raga za majimbo ya Ireland (Leinster, Ulster, Munster na Connacht) zilianzishwa 2001 pana kosa. Mwaka huo ndipo Ligi ya Celtic, ya timu za Ireland, Wales na Uskoti, ilipoanza, timu zilikuwepo zamani. Leinster na Ulster walikutana tangu 1875, na mashindano rasmi ya majimbo yote manne yalianza msimu wa 1946-47. Ila zilikuwa timu za mechi chache kwa mwaka. Kwa kawaida wachezaji walichezea klabu zao, jimbo likiwaita mara chache tu.

Hata hivyo, Munster ya namna hiyo ndiyo iliyoilaza New Zealand 12-0 pale Thomond Park, Limerick, tarehe 31 Oktoba 1978. Hesabu yenyewe: trai ya Cantillon, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani (wakati ule pointi 4), teke la nyongeza baada ya trai 2, kisha Tony Ward akadondosha mpira na kuupiga katikati ya milingoti mara mbili, 3 kila moja.

Raga ya kulipwa ilipohalalishwa 1995, chama cha raga cha Ireland kilichagua kuajiri wachezaji kupitia majimbo badala ya klabu. Uamuzi huo ndio uliozaa ubingwa wa Ulaya wa Ulster, 1999. Na Connacht mmeisahau kabisa! Ilinusurika kufutwa 2003, ikatwaa ligi hiyo ya Celtic (wakati huo ikiitwa Pro12) 2016 kwa kuifunga Leinster 20-10.