Kura 277 za New Salem: ujirani au siasa?

Tarehe 6 Agosti 1832, Abraham Lincoln, akiwa na umri wa miaka 23, alishindwa katika jaribio lake la kwanza la kuingia Baraza la Wawakilishi la Illinois. Wagombea 13 waliwania viti vinne vya Kaunti ya Sangamon, naye akawa wa nane kwa kura 657. Hata hivyo, 277 kati ya hizo zilitoka katika kituo kimoja, cha New Salem alikoishi. Mwaka 1860 aliandika mwenyewe kwamba waliomkataa hapo walikuwa saba tu, ingawa wanahistoria wengi hutaja wapiga kura 300. Ushindi wa nyumbani hunoga zaidi kadiri unavyosimuliwa.

Wapo wanaoona humo ujirani mtupu, na hoja yao ina uzito. Lincoln alikuwa vitani tangu Aprili, katika Vita vya Black Hawk dhidi ya kundi la Wenyeji wa Amerika, akarudi Julai uchaguzi ukiwa umekaribia, na mahali asipofahamika aliambulia kidogo. Isitoshe, msimu wa vuli uleule, katika uchaguzi wa rais wa Marekani, wapiga kura wa New Salem walimpa Andrew Jackson kura 115 zaidi ya mpinzani wake Henry Clay, ilhali Lincoln hakuficha kwamba alikuwa mfuasi wa Clay.

Lakini jirani naye huwa na hoja zake. Katika tangazo lake la Machi, Lincoln alitaka Mto Sangamon usafishwe ili mashua zipite, na New Salem ilikuwa kijiji cha kinu na maduka kando ya mto huo. Mtu aliweza kumtaka Jackson kule Washington na bado akamtuma mtetezi wa mto wake katika bunge la jimbo.

Kura zenyewe zilipigwa kwa sauti, mbele ya karani na watu waliosimama wakisikiliza, kwa hiyo ni halali kuuliza ni nani angethubutu kumkana kijana wa nyumbani hadharani. Kwangu mimi, kinachoipunguza zaidi namba 277 ni hesabu: kila mpiga kura aliruhusiwa kutaja majina hadi manne, hivyo kumpa Lincoln moja hakukumnyima kipenzi chake wa kisiasa nafasi.

Mwaka 1834 aligombea tena na kushinda kwa kura 1,376. Safari hiyo alikuwa tayari mkuu wa posta wa kijiji na msaidizi wa mpima ardhi, kazi iliyomfikisha kwenye mashamba ya watu ambao mwaka 1832 hawakumjua.