Bibi, Fuvu na Bundi

Bibi yangu wa Ujiji hasomi Kiingereza, ila macho yake usiyachezee. Kokoto iliyojificha kwenye dagaa anaiona akiwa bado amesimama. Kwa hiyo Ravenhearst iliponikwamisha, nilimwita yeye.

Hiyo ni gemu ya kompyuta ya mwaka 2006. Ya zamani, lakini laptopu yangu nayo ya zamani, wanaelewana. Unaingia jumba la mauzauza huko Uingereza, unaoneshwa chumba kilichosheheni makorokoro, chini kuna orodha ya vitu vya kutafuta, na saa inakimbia. Ukibofya ovyo unakatwa muda. Msaada upo, ila wa kuhesabu.

Sasa bibi masikio yameshachoka. Orodha namsomea kwa Kiswahili, na ili asikie lazima nipaze sauti. Saa tano usiku, joto, madirisha wazi, mtaa mzima kimya:

"Bibi! Tafuta fuvu la mtu!"

"Hili hapa, chini ya kitanda!"

"Na kisu?"

"Kiko kabatini, chukua!"

"Bado jino!"

"Jino nimelishika! Fanya haraka mjukuu wangu, muda unatuishia!"

Hapo bado spika haijatoa ule mlango wake unaolia kwiiii.

Ikaja zamu ya bundi, bibi akagoma. Bundi hatafutwi usiku, mwache huko huko aliko. Nikambembeleza, kwa sauti ile ile: "Bibi, bila bundi hatuwezi kuingia chumba cha pili!"

Chumba cha pili, kwa nyumba yetu, anaishi mpangaji. Mama wa watu, na mwanawe alishinda na homa siku hiyo.

Haikuchukua muda nikasikia "hodi" ya watu wengi. Mlangoni kasimama mjumbe wetu na tochi, nyuma yake vijana wenye fimbo, na nyuma yao kabisa mpangaji, mtoto kamfunga mgongoni. Ustaarabu wa Ujiji lakini: wamekuja kukamata wachawi, wakavua kandambili kwanza.

"Shikamoo bibi," mjumbe akaanza.

"Marahaba mwanangu, karibuni."

"Bibi, kuna malalamiko. Hilo fuvu liko wapi?"

"Fuvu tumeshamaliza nalo," bibi akajibu, mkavu kabisa. "Sasa hivi anatusumbua bundi."

Kijana mmoja akaanza Ayatul Kursiy kwa sauti. Mwingine akarudi kinyumenyume hadi akaangusha ndoo ya maji.

Nikawageuzia laptopu. Mjumbe akatoa miwani mfukoni, akaipangusa kwa shati, akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Mimi nasubiri hukumu. Akanyanyua kidole: "Bundi si huyo hapo, kwenye pazia?"

Nikabofya. Siyo. Tukakatwa muda.

"Baba, hilo ni doa," mpangaji akasema. Sijui alifika saa ngapi mbele yetu. "Angalia juu ya saa ya ukutani. Huyo! Huyo si ndiye?"

Kweli, kachongwa pale juu, mdogo, rangi moja na mbao. Sebule nzima ikalipuka: "Bundi! Tumempata bundi!" Nadhani walisikia mpaka Mwanga. Mtoto mwenye homa akaamka, akaomba chapati.

Chumba cha pili kikafunguka. Mjumbe akavuta kigoda, fimbo zikawekwa pembeni, na mara umeme ukakatika. Laptopu yangu betri ilishakufa zamani, inaishi kwa waya, ikazima papo hapo. Wanaume wote wale, na fimbo zao, wakagombania mlango. Mpangaji peke yake ndiye aliyebaki ameketi, anauliza kama tulikofika pamehifadhiwa.

Giza lilivyotulia, mjumbe akarudi na tochi. Kapata kandambili ya kushoto, ya kulia haionekani kwenye ule mrundo wa mlangoni.

"Bibi, hebu nisaidie macho."

"Msaada umekwisha, mwanangu," bibi akamwambia. "Na usishikeshike ovyo, utakatwa muda."