Wa kukuanzishia dawa yupo, wa kukuachisha yuko wapi?

Mjadala wa dawa za magonjwa ya akili una kambi mbili, na zote mbili zinanichosha. Ya kwanza inasema sonona ni ugonjwa kama kisukari: meza kidonge chako kila siku, maswali ya nini? Ya pili inasema vidonge hivi ni biashara ya viwanda, vinapumbaza watu, vitupwe. Wanakesha wakibishana kama mtu aanze dawa au asianze. Yule aliyekwisha kuanza miaka mingi iliyopita, akapata nafuu, na sasa anataka kujua kama bado anazihitaji, hana wa kumjibu.

Kambi ya kwanza ina hoja nzito, tusiipuuze. Mwaka 1949 António Egas Moniz wa Ureno alipewa Tuzo ya Nobel kwa upasuaji wa kukata nyuzi za ubongo wa wagonjwa wa akili. Huko ndiko tiba ilikokuwa imefika. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kutumia klopromazini, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, watu waliokuwa wameshakatiwa tamaa walianza kutulia na kuongea. Lithiamu, ambayo John Cade aliiandikia ripoti huko Australia mwaka huohuo wa 1949, hadi leo ni miongoni mwa dawa bora za baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na inahusishwa na kupungua kwa vifo vya kujiua. Anayesema dawa hizi zote ni ulaghai sidhani kama amewahi kukaa na mtu ambaye hajalala kwa siku kadhaa, anagawa mali yake kwa wapita njia na anaamini anaweza kuruka.

Lakini tazama jinsi lithiamu inavyotolewa. Mgonjwa hupimwa damu kuona kiwango cha dawa, kisha figo, kisha tezi ya shingo, na vipimo hivyo hurudiwa. Klozapini nayo, baada ya watu kufariki Finland mwaka 1975 kwa kuishiwa chembe nyeupe za damu, iliondolewa sokoni katika nchi kadhaa. Ilirudi kwa sababu ilisaidia wagonjwa wa skizofrenia, wanaosikia au kuamini mambo yasiyokuwepo, ambao dawa nyingine zilishindwa kuwasaidia, ila ilirudi na sharti la kupima damu mara kwa mara. Kwa hiyo dawa zinazoogopwa ndizo zinazofuatiliwa. Zile zinazoitwa nyepesi, za sonona na wasiwasi, mtu huandikiwa katika mazungumzo ya dakika chache, halafu cheti kinarudiwa na kurudiwa.

Ushahidi wenyewe juu ya dawa za sonona una mipaka ambayo haisemwi sana. Uchambuzi mkubwa wa Andrea Cipriani na wenzake wa mwaka 2018 ulikusanya majaribio 522 yenye washiriki 116,477, na dawa zote 21 zilizolinganishwa zilishinda kidonge bandia kisicho na dawa ndani. Kambi ya kwanza hunukuu hapo na kufunga kitabu. Ushindi wenyewe kwa wastani ulikuwa wa kiasi tu, na kipimo kilikuwa hali ya mgonjwa baada ya takriban wiki 8. Watu wanazimeza kwa miaka.

Kuhusu miaka hiyo, jaribio ninaloliona la maana zaidi lilichapishwa Uingereza mwaka 2021. Watu waliokuwa wakitumia dawa za sonona kwa muda mrefu, na wanajisikia vizuri, waligawanywa: wengine waliendelea, wengine walipunguziwa hadi kuacha bila kujua. Ndani ya mwaka mmoja sonona iliwarudia asilimia 56 ya walioacha, na asilimia 39 ya walioendelea. Kwa hiyo dawa ilikuwa inakinga kweli. Ila pia zaidi ya watu wanne katika kila kumi walioacha walimaliza mwaka salama. Sioni kambi hata moja inayoweza kushangilia takwimu hizo.

Jina la ugonjwa nalo linachangia watu kubaki kwenye dawa. Kuambiwa una sonona kunaweza kuwa nafuu kubwa: kumbe si uvivu, kumbe kuna wengine. Lakini majina haya huandikwa na kamati, na kamati hubadili mawazo. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha yake ya magonjwa. Mtu akipewa jina, juu yake akaelezwa kwamba ubongo wake una upungufu wa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe ubongoni, ataacha dawa kwa hoja gani? Na maelezo hayo ya upungufu, mapitio ya Joanna Moncrieff na wenzake ya mwaka 2022 hayakuyapatia ushahidi thabiti. Dawa inaweza kusaidia hata kama maelezo hayo si sahihi, lakini maelezo hayo hufunga mlango wa kutokea.

Kisha kuna kuacha kwenyewe. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba usumbufu wa kuacha ni mdogo na huisha baada ya kama wiki moja. Mwaka 2019 chuo cha kifalme cha madaktari wa akili Uingereza kilikubali kwamba kwa baadhi ya watu unaweza kuwa mkali na wa muda mrefu. Kizunguzungu, mishtuko kama ya umeme kichwani, machozi yasiyo na sababu. Daktari asiyejua hali hiyo ataona ugonjwa umerudi na kurudisha dozi.

Hesabu ya kupunguza dozi si ya mstari ulionyooka. Miligramu 20 za sitalopramu, mojawapo ya dawa za sonona, hushika takriban asilimia 80 ya visafirishaji vya serotonini inavyovilenga kwenye ubongo. Kuongeza hadi 40 huongeza kidogo sana. Kumbe kutoka 40 kushuka 20 ni hatua ndogo, na kutoka 5 hadi sifuri ndiyo poromoko. Ndiyo maana kuacha ghafla, kwa kusikiliza kambi ya pili, ni hatari, na mara nyingi kukata kidonge nusu hakutoshi. Zinahitajika dozi ndogo sana, za maji au za kupimwa, na daktari wa kufuatana nawe kwa miezi.

Ningependa siku dawa inapoandikwa, iandikwe pia tarehe ya kukaa na kuamua kama iendelee, na jina la atakayekaa na mgonjwa siku hiyo. Wengine wataendelea maisha yao yote, hasa ambao sonona imeshawarudia mara kadhaa, na hilo halina aibu yoyote. Wengine watapunguza. Viwanda vinavyotengeneza vidonge vya kuanzia vitengeneze na vya kumalizia.